Nyumba mpya zikitaka kujengwa kando ya uwanja wenu: namna ya kuandika pingamizi likasikilizwa

Nilisimama kikaoni nimejaa hasira, karatasi mkononi, nikatangaza kuwa jengo la mwisho la mradi litakuwa mita 12 tu kutoka mpaka wa uwanja wetu wa wazi. Mhandisi wa mwendelezaji, yaani mwenye mradi, alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akatandaza mchoro wake mkubwa mezani, akaweka rula. Mita 24. Ukumbi ukacheka, na jioni ile hata pale nilipokuwa na haki hakuna aliyenisikiliza tena.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Mchoro wa asili ulichapwa kwenye karatasi ya A1 kwa kipimo cha 1:500, yaani sentimita 1 ni mita 5. Mimi nilikuwa na nakala ya A3. A1 ikipunguzwa kuwa A3, kila mstari unabaki nusu ya urefu wake, lakini maandishi "1:500" pale pembeni yanabaki vilevile. Nilipima sentimita 2.4, nikazidisha kwa 5, nikajiaibisha. Ukipewa nakala, achana na hiyo namba. Tafuta ule mstari mdogo uliogawanywa mita 0, 10, 20. Wenyewe husinyaa pamoja na mchoro. Laza ukingo wa karatasi tupu juu yake, tia alama kwa kalamu, kisha hamishia karatasi hiyo mahali unapotaka kupima. Kama mstari haupo, omba uonyeshwe mchoro wa asili.

Tangu siku hiyo, mimi katibu wa kamati ya wakazi nisiyejua uhandisi, natembea na futi kamba mfukoni.

Anza na tangazo la mradi, ulisome hadi mstari wa chini. Kuna tarehe ya mwisho ya kupokea pingamizi, na ikipita, hoja nzuri na hoja mbovu zote zinakuwa sawa. Omba mchoro wa mpangilio wa nyumba, mchoro wa mitaro, na ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira kama mradi umelazimika kuwa nayo. Halafu uliza lile swali ambalo wengi wetu tunaliogopa: uwanja wetu umeandikwaje kwenye ramani? Watu wanaweza kucheza mpira mahali miaka na miaka wakidhani ni pa umma, kumbe ni kiwanja cha mtu ambaye hajapata fedha za kujenga. Kama mpango wa matumizi ya ardhi unautaja uwanja kuwa eneo la wazi na mradi unaumega, mnapinga kubadilishwa kwa matumizi. Kama mradi uko jirani tu, mnazungumzia kile ambacho nyumba hizo zitaufanyia uwanja. Barua hizi mbili hazifanani, na ukizichanganya unampa msomaji sababu ya kuiweka kando.

Hoja ninayoipenda kuliko zote ni ya maji, kwa sababu mtu yeyote anaweza kuipima. Chukua mkebe wenye kuta zilizonyooka, uweke mahali pasipo na mti wala paa, mvua ikikatika tumbukiza rula. Kila milimita 1 ndani ya mkebe ni lita 1 ya maji juu ya kila mita moja ya mraba ya ardhi. Sasa fungua mchoro. Tuseme mapaa, barabara na maegesho vitafunika hekta 1, ambayo ni mita za mraba 10,000. Mvua ya milimita 30 itamwaga hapo lita 300,000. Kwa boza la lita 10,000, hayo ni maboza 30. Nyasi na udongo vilikuwa vinanywa sehemu kubwa ya maji hayo na kuyaachilia polepole; bati na lami hazinywi, zinayasukuma karibu yote, tena kwa mara moja. Yanakwenda wapi? Fuata mteremko kwa miguu mvua inaponyesha, ukiwa na mwavuli na simu. Piga picha kalavati lililopo, pima upana wa mdomo wake, onyesha lilivyojaa kabla hata nyumba moja haijajengwa. Andika tarehe na saa. Picha tatu za namna hiyo zina uzito kuliko kurasa tano za "tutaathirika sana".

Magari ni rahisi zaidi. Kaa kwenye makutano asubuhi ya siku ya kazi, hesabu kwa dakika 15, rudia siku nyingine mbili. Linganisha na idadi ya maegesho kwenye mchoro. Usiongeze chumvi.

Yapo mambo ya kuacha nje ya barua. Kwamba nyumba yako itashuka bei, au hutaona tena machweo ukiwa barazani: yanauma, najua, lakini katika nchi nyingi mamlaka za mipango hazipimi mradi kwa hayo. Na kuhusu "watu watakaoletwa hapa", naomba uifute kabisa sentensi hiyo. Mzee mmoja kwenye kamati yetu aliing'ang'ania mpaka mama mmoja akamuuliza yeye mwenyewe alihamia mwaka gani, na alipokelewa vipi. Watu wanahitaji nyumba. Mnapinga mpangilio mbaya, hampingi majirani.

Kuhusu saini, tulikusanya nyingi mno chini ya barua moja tuliyoitoa nakala, tukajiona jeshi. Zikahesabiwa kuwa pingamizi moja. Safari ya pili kila nyumba iliandika yake kwa mkono wake: fundi mmoja aliandika juu ya mtaro, mama mwenye mtoto wa kiti cha magurudumu aliandika juu ya njia inayokatiza uwanjani, mwalimu aliandika juu ya wanafunzi wanaovuka barabara. Mwaka 1989 mwanamazingira wa Kenya Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kuwekwa ndani ya Uhuru Park, Nairobi, alianza kwa barua kwa ofisi mbalimbali. Kesi yake ilitupwa mahakamani, lakini jengo halikujengwa. Peleka barua kwa mkono, na hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, barua yako ni hadithi.

Halafu sema mnachotaka. "Tunapinga" peke yake humwacha ofisa achague kati ya ndiyo na hapana, na mara nyingi atachagua ndiyo. Sisi tuliomba manne: nyumba za safu ya mwisho zisogezwe ndani, bwawa la kupokea maji ya mvua lichimbwe kabla ya msingi wa kwanza, njia ya miguu ibaki wazi kwa wote, na malori ya ujenzi yasipite upande wa shule. Tulipata mawili na nusu. Bwawa lipo, malori yalizunguka, njia ilibaki ila nyembamba kuliko tulivyoomba.

Yakikubaliwa, dai yaandikwe ndani ya kibali chenyewe kama masharti, kwa mita na kwa tarehe. Ahadi ya mdomoni kikaoni haina wa kuidai. Omba nakala ya kibali, na uulize siku wapima watakapokuja kuweka bikoni, yaani alama za mipaka. Siku hiyo fika mapema na futi kamba yako, na ile nakala yenye mstari wa kipimo.