Jinsi ya Kupima Uamuzi Tata wa Refa katika Futiboli ya Vyuo Vikuu vya Marekani

Mpwa wangu anasoma Ohio na ni shabiki wa kufa na kupona wa timu ya chuo kikuu cha Ohio State. Mechi za jioni ya Jumamosi kule kwao hutukuta sisi wa Dar es Salaam tumelala, kwa hiyo Jumapili asubuhi ndipo ninapokuta kwenye simu vipande vya video alivyonitumia usiku kucha, na kila kimoja kina maneno yale yale: "Shikamoo mjomba. Tumeibiwa." Mara chache huwa kweli wameibiwa. Mara nyingi zaidi waamuzi huwa wamekosea, ila si kwa namna anayoidhani yeye, na zipo nyakati ambazo hawakukosea kabisa. Mwongozo huu umetokana na majibu niliyokuwa nikimwandikia, na umelengwa kwa msomaji aliyezoea soka na VAR yake ambaye sasa anaufuatilia mchezo huu wa helmeti na yadi.

Anza kwa kutambua kosa unalolilalamikia ni la aina gani, kwa sababu aina ya kosa ndiyo inayoamua kama lingeweza kurekebishwa na ni nani aliyepaswa kulirekebisha. Yapo makosa ya kuona: goti liligusa nyasi au halikugusa, mpira ulivuka mstari au haukuvuka. Yapo makosa ya kukadiria, ambapo kila mtu ameona tukio lile lile na bado mwamuzi analazimika kuamua kama mkono uliomgusa mpokeaji ulimzuia kiasi cha kuwa faulo. Na yapo makosa ya kanuni na hesabu, ambayo ni adimu kuliko yote lakini hayana utetezi, kwa kuwa hayategemei jicho la mtu.

Mfano mkubwa wa aina hii ya tatu ulitokea tarehe 6 Oktoba 1990 mjini Columbia, ambako Missouri, wakiwa nyumbani, waliongoza dhidi ya Colorado kwa 31–27 huku mechi ikielekea ukingoni. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi, au ya kufika golini ikiwa goli liko karibu zaidi ya hapo, na pembeni mwa uwanja husimama msaidizi mwenye nguzo yenye namba inayogeuzwa kila jaribio linapokwisha. Colorado walikuwa yadi tatu kutoka mstari wa goli. Katika jaribio la kwanza kwotabeki wao, Charles Johnson (kwotabeki ndiye mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi), aliupiga mpira chini makusudi ili saa isimame. Katika la pili Eric Bieniemy alikimbia nao akaangushwa kama yadi moja kabla ya mstari, kocha wake akaomba mapumziko mafupi, na baada ya mapumziko hayo nguzo ikaendelea kuonyesha 2 badala ya 3. Jaribio la tatu likahesabiwa kuwa la pili. La nne, ambalo nguzo ilidai ni la tatu, kwotabeki alilimaliza kwa kuupiga mpira chini tena zikiwa zimebaki sekunde mbili, jambo ambalo hangelifanya kama angejua kwamba hilo ndilo la mwisho. Kisha Johnson akajisukuma mbele na mpira katika jaribio la tano, waamuzi wakakubali tachidauni, yaani alama za kuuvusha mpira mstari wa goli, na mechi ikaisha 33–31.

Nimelisimulia kwa kirefu ili uone kwamba ndani ya mchezo mmoja (yaani tukio moja, tangu mpira uanze kuchezwa hadi usimame) kulikuwa na malalamiko mawili tofauti. Watu wa Missouri walilalamika pia kwamba Johnson aliangukia mgongoni kabla mpira haujavuka mstari. Hilo ni suala la kuona, na unaweza kulibishania hadi kesho. Suala la jaribio la tano halina ubishi, kwa kuwa mtu yeyote mwenye vidole vitano angeweza kulihesabu. Ukiyachanganya haya mawili, unampa mpinzani wako nafasi ya kujibu lile dhaifu na kulikwepa lile zito.

Hatua inayofuata ni kuhakikisha unatumia kanuni za vyuo vikuu, na hapa wageni wengi huteleza kwa sababu wamejifunza mchezo kwa kutazama ligi ya kulipwa ya NFL. Katika vyuo, mpokeaji anayedaka mpira karibu na mstari wa pembeni anatakiwa kugusa ndani kwa mguu mmoja tu, wakati NFL inataka miwili. Mchezaji wa chuo akiteleza mwenyewe na goti lake likagusa chini, mchezo umesimama hata kama hakuna aliyemgusa. Faulo ya kumzuia mpokeaji asidake pasi haizidi yadi 15 katika vyuo, wakati kwa wenzao mpira huwekwa pale faulo ilipotokea, hata kama ni yadi 50 mbele. Kuna pia faulo ya kumlenga mpinzani kichwani kwa helmeti, ambayo tangu mwaka 2013 humtoa mchezaji nje ya mechi, na kwa miaka mingi aliyetolewa katika kipindi cha pili alikosa pia kipindi cha kwanza cha mechi iliyofuata. Nusu ya video ninazotumiwa hujibiwa na aya hii peke yake.

Ukishajua kanuni, jiulize ni mwamuzi gani aliyekuwa na jukumu la kuliona tukio. Katika ngazi ya juu ya vyuo wapo waamuzi wanane uwanjani, na kila mmoja ana eneo na wachezaji wake wa kuwatazama. Yule mwenye kofia nyeupe ndiye refa mkuu na ndiye anayetangaza maamuzi kwa kipaza sauti, kwa hiyo hubeba matusi ya wote. Lakini husimama nyuma ya kwotabeki, na pasi inapokwenda yadi 40 kule mbele, yeye kwa kawaida bado anamtazama kwotabeki asije akagongwa baada ya kuuachia mpira. Kumlaumu kwa kilichotokea kule mbele ni sawa na kumlaumu kipa kwa penalti iliyokoswa upande wa pili wa uwanja.

Sasa itazame video, lakini itazame kwa nidhamu. Tafuta kwanza kamera ilipo. Kamera iliyo katikati ya uwanja huutazama mstari wa goli kwa mshazari, na mpira ulio hewani, usiogusa ardhi, huonekana umevuka au haujavuka kutegemea pembe ya kamera, si kutegemea ukweli. Picha ya kuaminika ni ile inayotazama sambamba na mstari wenyewe. Pili, simamisha picha katika kitendo chenyewe, si sekunde moja baadaye: kama hoja ni goti, tafuta picha ambayo goti linagusa nyasi, kisha uangalie mkono umeuachia mpira au bado. Tatu, usitumie mwendo wa polepole kupima nguvu ya mgongano, maana mwendo huo hulifanya kila guso lionekane la makusudi. Utumie kupima mahali na mfuatano wa matukio, kisha urudi kwenye mwendo wa kawaida.

Mazoezi mazuri ni mchezo wa mwisho wa mechi ya Miami na Duke, tarehe 31 Oktoba 2015. Duke waliongoza 27–24 zikiwa zimebaki sekunde sita, wakapiga teke la kuanzia, na Miami wakarushiana pasi nane za nyuma na za pembeni hadi Corn Elder akafika golini, 30–27. Itazame mara moja kwa raha yako, kwa sababu ni mchezo wa kusisimua kweli kweli. Kisha itazame tena ukimfuata kila mwenye mpira peke yake, na utamwona mmoja wao goti likiwa chini huku mpira ungali mkononi. Waamuzi waliichunguza video kwa dakika kadhaa na bado wakaiacha tachidauni. Kesho yake ligi yao, ACC, ilikiri kwamba mchezo ulipaswa kusimamishwa pale pale, na ikawasimamisha waamuzi hao pamoja na wale wa marudio ya video kwa mechi mbili.

Kabla hujahitimisha, uliza swali ambalo mashabiki hulisahau: uwanjani kuliamuliwa nini kwanza? Marudio ya video hayaulizi uamuzi upi una uwezekano mkubwa wa kuwa sahihi. Yanauliza kama kuna ushahidi wa picha usiopingika wa kuubatilisha uamuzi wa mwanzo, na usipokuwepo, uamuzi hubaki hata kama wewe, mimi na mwamuzi wa marudio tuna mashaka nao. Tarehe 26 Novemba 2016, katika kipindi cha pili cha muda wa ziada, kwotabeki wa Ohio State, J.T. Barrett, alihitaji yadi moja katika jaribio la nne dhidi ya Michigan. Waamuzi waliuweka mpira mahali palipowapa Ohio State haki ya kuendelea, video ikatazamwa, miili ikawa imeuficha mpira, uamuzi ukabaki, na Ohio State wakashinda 30–27. Kama waamuzi wangeuweka mpira nyuma kidogo, naamini video ile ile ingeuacha uamuzi huo pia. Hiyo mpwa wangu hajawahi kunitumia.

Sikiliza pia tangazo la refa baada ya marudio. Kwa miaka mingi walitofautisha kati ya uamuzi uliothibitishwa na picha na uamuzi uliobaki tu kwa kukosa ushahidi. Tangu msimu wa 2025 husema ama umebaki ama umebatilishwa, na binafsi naona tumepoteza taarifa iliyokuwa na manufaa.

Lipo pia suala la mambo yasiyochunguzwa na video hata kidogo. Faulo za kukadiria, kama kumshika mpinzani au kumzuia mpokeaji, hubaki mikononi mwa waliopo uwanjani. Ndiyo maana fainali ya ubingwa ya tarehe 3 Januari 2003 haijapoa hadi leo: Miami walidhani wameshinda katika muda wa ziada, fataki zikaanza kulipuka, ndipo mwamuzi akarusha kitambaa cha njano, ishara ya faulo, kwa kuchelewa akidai mpokeaji wa Ohio State alizuiwa, na Ohio State wakaishia kuwa mabingwa kwa 31–24. Wakati huo marudio ya video hayakuwemo katika futiboli ya vyuo, lakini hata yangekuwemo, kosa la namna hiyo halichunguziki.

Waamuzi wanaruhusiwa kushauriana wao kwa wao na kukiondoa kitambaa. Tarehe 19 Oktoba 2024 mjini Austin, mchezaji wa Texas aliinasa pasi ya Georgia, akahukumiwa kwa kumzuia mpokeaji, mashabiki wakarusha chupa uwanjani, na wakati uwanja ukisafishwa waamuzi wakajadiliana na kuifuta faulo. Hapa ni lazima utenganishe mambo mawili. Uamuzi wa pili ulikuwa bora kuliko wa kwanza, na ligi yenyewe, SEC, ilikubali kwamba wa kwanza haukuwa sawa. Lakini njia iliyofika huko ilinuka, kwa kuwa pasipo chupa pasingekuwa na muda wa majadiliano. Texas walitozwa faini ya dola 250,000, na Georgia wakashinda vilevile, 30–15.

Hapo ndipo unapofika kwenye uzito: kosa lilibadilisha matokeo, au lilibadilisha mwendo wa mechi tu? Tazama kilichobaki baada ya kosa. Tarehe 16 Septemba 2006 Oregon, wakicheza na Oklahoma, walipewa mpira wa teke fupi la kuanzia walilolipiga wao wenyewe, ingawa walikuwa wameugusa kabla haujakwenda yadi kumi, wakafunga na kuongoza 34–33. Lilikuwa kosa baya, na waamuzi walisimamishwa mechi moja, lakini Oklahoma walipata bado nafasi ya kupiga teke la pointi tatu, na likazuiwa. Linganisha na tarehe 10 Septemba 2016, Oklahoma State dhidi ya Central Michigan. Kwotabeki wa Oklahoma State aliutupa mpira mahali pasipo na mpokeaji katika jaribio la nne huku muda ukimalizika, nayo ni faulo. Lakini kanuni inasema faulo ya namna hiyo hairefushi mechi. Mechi ilikuwa imekwisha. Waamuzi wakawapa Central Michigan mchezo mmoja wa ziada, wakarusha mpira wa mbali, aliyedaka akamrushia mwenzake, wakashinda 30–27. Kesi ya pili ni nzito zaidi kwa sababu ushindi wote ulizaliwa na mchezo usiopaswa kuwepo.

Ukiwa na uhakika, fahamu malalamiko yanakwenda wapi. Makocha hupeleka vipande vya video kwa msimamizi wa waamuzi wa ligi yao, na jibu lake linaweza kuwa kukiri kosa au kuwasimamisha waamuzi. Kocha anayelalamikia waamuzi hadharani hujiweka kwenye hatari ya faini: Jim Harbaugh alipowasema waamuzi baada ya ile mechi ya 2016, Michigan walitozwa dola 10,000. Shabiki hana pa kupeleka, na kumtafuta mwamuzi kwa simu, kama alivyofanyiwa mwamuzi wa marudio wa mechi ya Oregon kwa vitisho vya kuuawa, ni uhalifu. Alama hazirudishwi, kwa kuwa kitabu cha kanuni kinasema refa akishatangaza kwamba mechi imekwisha, matokeo ni ya mwisho. Colorado waliubeba ushindi wao wa jaribio la tano hadi kwenye ubingwa, walioshirikiana na Georgia Tech, na kocha wao, Bill McCartney, aliyeulalamikia utelezi wa uwanja wa Missouri, hakutaka kuurudisha.

Njia moja tu iliyobaki iko kwa mshindi mwenyewe. Tarehe 16 Novemba 1940 Cornell waliifunga Dartmouth 7–3 katika sekunde za mwisho, vilevile kwa jaribio la tano lililotokana na kosa la refa Red Friesell. Filamu ya mechi ikatazamwa, Friesell akakiri kwa maandishi, na Cornell, ambao hawakuwa wamefungwa na mtu msimu ule, wakatuma telegramu Hanover, mji wa Dartmouth, kusema kwamba ushindi si wao. Dartmouth wakaupokea, na hadi leo mechi hiyo imeandikwa Dartmouth 3, Cornell 0.