Namna ya kuwafuatilia wanamuziki wa Black Sabbath bila kupotea

Ukitaka kuielewa Black Sabbath, bendi ya roki nzito ya Uingereza, usianze na mwimbaji wake, Ozzy Osbourne. Anza na mpiga gitaa, Tony Iommi, kwa kuwa ndiye pekee aliyepiga kwenye albamu zote za bendi hiyo, iliyozaliwa Aston, Birmingham, mwaka 1968. Mimi napiga besi kwenye bendi ya hoteli Mombasa, na najua jinsi bendi inavyogeuka mtu mmoja tu akihama. Kwa Sabbath walihama wengi, tena wengine mara tatu.

Chukua daftari uchore safu tatu: waliorekodi, waliopanda jukwaani, na waliopita tu. Usitegemee jalada la albamu peke yake. Juu kabisa andika Iommi.

Kabla ya kuongeza jina la pili, tulia kwanza kwenye mkono wake. Akiwa na miaka 17, mashine ya kiwanda cha mabati ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Yeye ni shoto, kwa hiyo hivyo ndivyo vidole vya kubana nyuzi. Aliyeyusha chupa ya plastiki, akajifinyangia vifuniko vya vidole, akavivika ngozi ili visiteleze, kisha akafunga nyuzi nyembamba. Baadaye akazilegeza. Weka "Children of the Grave" kutoka Master of Reality (1971): gitaa limeshushwa nusutoni tatu (hatua ndogo tatu za sauti), na besi ya Geezer Butler imeshuka nalo. Vaa hedifoni, maana spika ya simu itakunyima besi yote.

Mstari wa kwanza ni rahisi: Iommi, Butler, Bill Ward kwenye dramu, Ozzy sauti. Walijiita Earth hadi Agosti 1969. Albamu ya kwanza waliirekodi kwa siku moja tu, Oktoba 1969, na kufikia 1978 walikuwa wametoa nane. Ila hapo katikati chomeka jina la Dave Walker kwenye safu ya tatu. Ozzy alipoondoka mwishoni mwa 1977, Walker alishika maikrofoni kwa muda mfupi, hata akaonekana kwenye televisheni ya BBC, kisha Ozzy akarudi. Hakuna albamu yenye sauti ya Walker.

Ozzy alifukuzwa 1979, akaja Ronnie James Dio. Hapa fanya jaribio. Sikiliza "Iron Man", kisha "Heaven and Hell" ya 1980. Kwenye wimbo wa kwanza Ozzy anaimba sauti ileile ya gitaa, noti kwa noti. Dio anaacha gitaa lipite chini, yeye anapanda juu na njia yake. Iommi akalazimika kutunga kwa namna nyingine. Ukilisikia hilo, umeshaelewa kwa nini bendi ilipata uhai wa pili. Ward aliondoka katikati ya ziara mwaka huohuo, akaingia Vinny Appice.

Sasa ingia kwenye msitu, 1983 hadi 1995, ambako wengi hukata tamaa. Nenda polepole. Albamu ya Born Again (1983) ina sauti ya Ian Gillan wa bendi ya Deep Purple, na Ward amerudi kurekodi. Jukwaani dramu ni za Bev Bevan. Seventh Star (1986), akiimba Glenn Hughes, Iommi aliikusudia iwe kazi yake binafsi, ila ikatoka na jina la Sabbath. Ray Gillen alirekodi sauti za The Eternal Idol, lakini iliyotoka 1987 ina sauti ya Tony Martin. Rob Halford wa bendi ya Judas Priest aliimba usiku mbili tu California, Novemba 1992, Dio, aliyekuwa amerudi kwenye bendi, alipokataa kupanda. Na usimsahau Geoff Nicholls wa kinanda, ambaye kwa miaka mingi alipiga akiwa nje ya macho ya watazamaji. Mpe mstari wake, anastahili.

Tony Martin aliimba albamu tano, na inaniuma watu wakizipita. Headless Cross (1989), Cozy Powell akiwa kwenye dramu, ni kazi kubwa.

Baada ya hapo ni mepesi. Wanne wa mwanzo waliungana 1997. Kuanzia 2006, Iommi, Butler, Dio na Appice walipiga kwa jina la Heaven & Hell; waandike kwenye daftari hilohilo, kwani ndio walewale wa albamu ya Sabbath ya Mob Rules (1981). Kwenye albamu iitwayo 13 (2013) dramu alirekodi Brad Wilk, jukwaani akapiga Tommy Clufetos. Onyesho la kuaga la Birmingham, Februari 2017, Ward hakuwepo. Alikuwepo kwenye uwanja wa Villa Park, Aston, tarehe 5 Julai 2025, wanne wote pamoja. Ozzy alifariki tarehe 22 mwezi huohuo.

Ukiwa na jioni moja tu, sikiliza Master of Reality, Heaven and Hell na Headless Cross kwa mpangilio huo, na mara ya kwanza fuata dramu peke yake: Ward, Ward tena akiwa na mwendo mwingine, kisha Powell. Mara ya pili rudi kwa Iommi.