Somo: nahau za Kifaransa za kusitasita, na namna ya kuzipeleka kwenye Kiingereza

Kila wiki naulizwa "à contrecœur" ni nini. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa hapa.

1. Soma sentensi nzima.

2. Jiulize kwa Kiswahili: huyu anasitaje? Amekubali shingo upande ("à contrecœur"), andika "reluctantly". Ametoa kwa kinyongo ("de mauvaise grâce"), "grudgingly". Anajikokota ("traîner les pieds"), "dragging his feet". Hapa lugha zote mbili zinaburuta miguu, shukuru Mungu. Ameondoka roho ikimuuma ("la mort dans l'âme"), "with a heavy heart". Hiyo ni huzuni, si uvivu.

3. Viungo vya mwili usivihamishe. Hapa niliungua. Ripoti moja ya Goma ilisema mkuu wa mtaa "s'est fait tirer l'oreille" kabla ya kusaini. Mimi huyo, "had his ear pulled". Kesho yake bosi ananipigia: nani kampiga mkuu wa mtaa? Kumbe mzee alibembelezwa mno tu: "took a lot of persuading". Jihadharini na hiyo "se faire": inaonekana mtu katendwa, kumbe mgumu ni yeye mwenyewe. Na aliyekubali "du bout des lèvres", midomo yake iacheni kwenye Kifaransa: "half-heartedly".

4. Isome kwa sauti.

MASWALI

– "Sans se faire prier" ni "without praying"?
– Hakuna sala hapo. Hakungoja kubembelezwa: "without needing to be asked twice". Rudia namba 3.

– Mkuu, programu ya simu imenipa "death in the soul".
– Mpelekee mteja hivyo hivyo, halafu ukadai malipo kwa programu.

– Mwalimu, "rechigner" na "renâcler" zinatofautianaje?
– Ahsante dada, hili ndilo swali. "Renâcler" ni ya farasi anayekoroma puani akigoma. Kiingereza nacho kina "balk at", ya farasi anayesimama ghafla mbele ya kizuizi. Zimekutana zizini, basi tafsiri moja kwa nyingine. "Rechigner" ni kununa, na mara nyingi utaikuta imekanushwa, ikiwa sifa: "il ne rechigne pas à la tâche", yaani "he doesn't shy away from hard work".

– Na mtoto anayechokoachokoa ugali?
– "Manger du bout des dents". Safari hii ni meno. Kiingereza: "picks at his food". Mboga ilikuwa nini?

– Bamia.
– Basi mwacheni mtoto.