Shingo ya kitunguu ikauke kwanza

Hapa kwangu Iringa nina matuta manne ya vitunguu nyuma ya jiko. Majani yakianza kulala yenyewe, naacha kumwagilia. Wiki moja au mbili baadaye nang'oa, asubuhi yenye jua. Usiyakanyage majani ili yalale haraka, shingo, yaani pale majani yanapoungana na kitunguu, inaumia na uozo unapitia hapo.

Kuanika ndiyo kazi yenyewe. Natandaza kwenye chanja, kivulini penye upepo, siku 10 hadi 14. Bonyeza shingo kwa vidole: ikiteleza, bado mbichi; ikikwaruza kama karatasi, kata ubakize sentimita 3. Vyenye shingo nene tunakula kwanza, havikai.

Vingine ning'iniza kwenye mfuko wa wavu, mbali na viazi. Mwaka juzi nilivifungia kwenye kiroba cha plastiki wakati wa masika. Nusu vilioza, na roho iliniuma sana.