Kabla ya kung'oa sensa ya tenki: mambo ya kuzingatia kwenye kanuni za nyumba janja

Niliwahi kuondoa sensa ya kiwango cha maji kwenye simtanki kwa sababu ilikuwa inamaliza betri kila baada ya wiki chache. Nikaifuta kwenye Home Assistant, programu inayoendesha vifaa vyangu vya nyumba janja, nikaitia kabatini nikisubiri kununua nyingine. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri pampu ya kisima ikawaka kama nilivyoipangia, na haikuzimika. Kanuni ya kuwasha, yaani agizo la "likitokea hili, fanya lile", ilifuata saa. Ya kuzima ilifuata sensa, na sensa ilikuwa kabatini. Tulipoamka maji yameshafika uani kwa jirani na uniti za luku zimekwisha. Kwenye simu hakukuwa na ujumbe wowote.

Ndiyo maana siku hizi, kabla sijagusa kifaa, natafuta kwanza kanuni zote zinazozima, kufunga au kusimamisha kitu. Taa isipowaka utaiona gizani mara moja. Pampu, pasi au hita isipozimika, utajua baada ya hasara.

Kuzitafuta si kazi ngumu. Fungua ukurasa wa kifaa, utaona otomatiki (ndizo hizo kanuni), skripti (mfululizo wa hatua) na sini (mipangilio ya vifaa kadhaa kwa pamoja) zinazokitumia. Usiishie hapo, kwani orodha hiyo haioni jina la sensa lililoandikwa ndani ya templeti, yaani kijimsimbo unachokiandika mwenyewe ndani ya kanuni. Fungua na faili la automations.yaml, linalohifadhi kanuni, utafute jina lenyewe kama lilivyo, kwa mfano sensor.tenki_la_juu. Pitia pia ratiba ulizotengeneza nje, kwenye Google Home au Alexa, maana Home Assistant haizijui.

Ukishazipata, angalia kila kanuni imekishikaje kifaa. Zile zinazotaja jina la sensa zinaokoka kwa urahisi: ukimpa mrithi jina lilelile, zinaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ila lazima jina la zamani liwe limeachwa wazi kwanza, vinginevyo sensa mpya itapachikwa _2 mwishoni na kanuni zitaendelea kumngoja aliyeondoka. Zile ulizotengeneza kwa kuchagua kifaa kwenye menyu zimeshika kitambulisho kirefu cha herufi na tarakimu ambacho huwezi kukirithisha kwa kubadilisha jina. Kifaa kikifutwa, kanuni nzima hulala, hata zile hatua zake ambazo hazikihusu. Hizo zifungue mojamoja uchague upya. Mimi nimeacha kabisa kuzitengeneza kwa njia hiyo.

Jambo ninalolihofia zaidi ni sensa mpya kupokea jina la zamani huku inapima kitu kingine. Sensa yangu ya kwanza ilitoa asilimia ya maji. Nyingi za mawimbi ya sauti, zile zinazofungwa kwenye mfuniko, hutoa umbali kutoka mfuniko hadi uso wa maji. Maji yakipanda, namba inashuka! Kanuni iliyosema "zima ikizidi 90" itaonekana hai, haina kosa popote, na itafanya kinyume cha ulichokusudia. Soma namba halisi ya sensa mpya tenki likiwa nusu na likiwa limejaa kabla hujaikabidhi pampu.

Kama unatumia Zigbee, mtandao wa redio ambao vifaa hupitishiana ujumbe, jiulize pia kifaa unachokiondoa kilikuwa kinambebea nani ujumbe. Vifaa vinavyokula umeme wa ukutani, kama soketi janja na balbu nyingi, hupokezana ujumbe wa vile vya betri. Ukichomoa soketi ya kwenye ngazi kwa sababu huihitaji tena, sensa ya darini ambayo hukuigusa inaweza kunyamaza. Baada ya kuondoa kifaa cha namna hiyo, subiri siku nzima uone nani amepotea, kisha mwunganishe upya akiwa palepale anapokaa.

Kuhusu nakala ya akiba ya mfumo sina mengi: ichukue, na uiweke nje ya mashine inayoendesha mfumo. Na badala ya kufuta kifaa siku ya kwanza, kizime tu ndani ya mfumo ukiache wiki moja. Ukigundua kuna kanuni uliyoisahau, ukikiwasha kinarudi na jina lake na kitambulisho chake.

Kwa pampu, weka kinga isiyotegemea sensa. Mimi najua tenki langu hujaa kwa dakika 40, hivyo nina kanuni ya pili inayozima ikifika dakika 50, sensa iwepo isiwepo. Usiiandike kwa hatua ya kusubiri tu ndani ya kanuni ileile, kwa sababu umeme ukikatika katikati na mfumo ukawaka upya, kule kusubiri hupotea. Tumia kipima muda kilichowekewa mpangilio wa kurejeshwa baada ya kuwaka upya. Angalia pia soketi yenyewe hufanya nini umeme unaporudi: ya pampu inatakiwa ibaki imezimwa. Na kama fundi anaweza kukufungia floti, swichi ya boya ndani ya tenki, inayokata umeme wa pampu moja kwa moja, mlipe aifunge, kwa sababu floti haijui kama Home Assistant ipo.

Mwisho jaribu mchana, ukiwa nyumbani. Shusha kiwango cha kuzima kwa muda, kutoka asilimia 90 hadi asilimia chache juu ya maji yaliyomo, uwashe pampu na usimame karibu mpaka uisikie inanyamaza yenyewe. Rudisha 90, hifadhi, halafu uifungue tena kanuni uone kama kweli imeandikwa 90.