Somo: Kuuandaa moyo kabla ya kufungua Biblia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wengi tunasoma sura mbili asubuhi, na tukifika kituo cha daladala Buzuruga hatukumbuki hata mstari mmoja. Mara nyingi tatizo ni moyo uliokuja mbele za Mungu na vurugu za jana.

1. Anza jioni. Chagua fungu kabla ya kulala. Mistari 10 hadi 15 inatosha. Anayeanza aanze na Marko, yenye sura 16 tu. Daftari na kalamu viwe juu ya Biblia, simu mbali na kitanda.

2. Patana na watu. Hapa tukae kidogo, maana ndipo wengi wanaporuka. Katika Mathayo 5:23-24, Yesu anamzungumzia ndugu aliye na neno *juu yako*. Kwa hiyo kusema moyoni "nimemsamehe" hakutoshi. Aliyeumizwa ni yeye. Mkeo uliyemjibu vibaya, mwenye nyumba unayemkwepa kwa ajili ya kodi, mteja uliyempunja dagaa pale Mwaloni: mtaje kwa jina mbele za Mungu, kisha panga utamwambia nini na saa ngapi. Akikataa, Warumi 12:18 inakudai upande wako tu.

3. Tulia dakika tatu. Nawa uso, keti wima. Ada ya mtoto na hela ya mboga vitakujia kichwani. Ukivifukuza vitarudi, kwa hiyo viandike ukurasa wa mwisho wa daftari, uviache huko.

4. Ungama. Sema Zaburi 139:23-24 polepole, kwa sauti ndogo. Dhambi itaje ilivyo: "nilidanganya bei", si "nisamehe makosa yote". Kisha shika ahadi ya 1 Yohana 1:9 na usonge mbele. Kujilaumu nusu saa si toba.

5. Omba Zaburi 119:18, fungua, soma mara mbili, andika jambo moja la kutii leo.

MASWALI YA WASHIRIKA

*Mtumishi, mimi navua dagaa. Usiku kucha niko ziwani, alfajiri nafika nimechoka. Nifanyeje?*
Lala kwanza, ndugu. Marko 1:35 inatupa mfano wa Bwana akiomba alfajiri, haituwekei sheria ya saa. Asubuhi yako ni pale unapoamka, hata iwe saa nane mchana. Siku za mbalamwezi, mnapopumzika nchi kavu, ongeza muda. Na kumbuka Luka 5: Petro alilipokea neno akiwa ametoka kukesha ziwani bila kupata kitu.

*Tunaishi chumba kimoja Mabatini, watoto wanne. Chumba cha ndani cha kuombea, kile cha Mathayo 6:6, nakipata wapi?*
Dada, jifunike kanga kichwani, na watoto wafundishwe kwamba mama akijifunika haitwi. Wakizoea, watakulinda wenyewe.

*Nikianza tu kuomba, nasinzia. Ni pepo?*
Usikimbilie huko. Angalia unalala saa ngapi. Omba ukiwa umesimama, kwa sauti.

*Moyo wangu mkavu, sisikii chochote. Nisubiri hadi nipate hamu?*
Usisubiri, mpendwa. Fungua Zaburi 42. Mwandishi anaiuliza nafsi yake kwa nini imeinama, naye anaendelea kuomba. Mweleze Mungu ukavu huo kama ulivyo. Ukavu ukidumu wiki kadhaa, rudi hatua ya 2 uangalie kama kuna mtu ulimruka.