Jinsi ya kuzipa tebo majina kwenye databesi bila kujiletea kazi baadaye

Wadau, juzi nimekesha na dogo mmoja, mfumo wake wa duka la vifaa vya ujenzi ulikuwa unapiga kazi fresh kwenye laptopu, alipoupandisha kwenye seva ukagoma. Shida ilikuwa majina ya tebo (majedwali ya data) tu. Hizi ndio hatua ninazofuata mimi, natumia MySQL na PostgreSQL, programu mbili za kuendesha databesi.

Hatua ya 1: Lugha moja

Kiswahili au Kiingereza, usichanganye. Ukiweka `wateja`, halafu `products`, halafu `malipo`, atakayekuja nyuma yako atakuwa anabahatisha kila siku. Mimi ni Kiswahili na wingi: `wateja`, `bidhaa`, `mauzo`. Ila kama unatumia Laravel (fremu ya kutengenezea mifumo kwa PHP), yenyewe inachukua jina la modeli (sehemu ya kodi ya programu inayosimamia tebo) na kulitia wingi wa Kiingereza, kwa hiyo modeli `Mteja` itatafuta tebo `mtejas`. Andika ndani ya modeli `protected $table = 'wateja';` yaishe.

Hatua ya 2: Herufi ndogo tupu

Hapa ndipo usiku wetu ulipoishia. Dogo alitengeneza tebo `Wateja`. Laptopu yake ni Windows, na MySQL kwenye Windows inashusha majina yote ya tebo kuwa herufi ndogo, haijali wewe umeitaje, `Wateja` au `WATEJA` zote zinafunguka. Akatoa bekapu akaipeleka kwenye seva ya Linux, na huko herufi kubwa na ndogo ni majina mawili tofauti. Bekapu ina `wateja`, kodi ya programu inaita `Wateja`, skrini inasema:

`ERROR 1146 (42S02): Table 'duka.Wateja' doesn't exist`

Tukailaumu bekapu, tukaiingiza upya mara tatu, tukakagua ruhusa za yuza, tukabadilisha hadi nywila, toka saa tatu usiku mpaka saa saba. Nilipopiga `SHOW TABLES;` nikasoma herufi moja moja ndio nikaiona ile w ndogo.

Kuna watu watakwambia weka `lower_case_table_names` iwe 1 kwenye seva, yaani seva nayo ishushe majina yote ya tebo kama Windows. Kwenye MySQL 8.0 hiyo inawekwa siku seva inaanzishwa tu, ukiigusa baadaye seva inakataa kuwaka. Rekebisha kodi. Na mwenye Mac asijione salama, pale jina linahifadhiwa ulivyoliandika lakini likitafutwa ukubwa wa herufi hauangaliwi, so kosa hutaliona mpaka ufike Linux.

PostgreSQL ina lake. Jina lisilo na alama za nukuu (`"`) inalishusha kuwa herufi ndogo, lakini ukitengeneza tebo kwa kubofya ndani ya pgAdmin (programu ya kusimamia PostgreSQL) ukaandika `Wateja`, inakuwekea nukuu kimyakimya na W kubwa inabaki. Ukija kuandika `SELECT * FROM Wateja` unajibiwa `relation "wateja" does not exist`, na tebo unaiona kwa macho! Dawa:

`ALTER TABLE "Wateja" RENAME TO wateja;`

Maneno yakiwa mawili tenganisha kwa andasko (`_`), `malipo_ya_wateja`. Dashi hapana, SQL (lugha ya kuongea na databesi) inaisoma kama alama ya kutoa.

Hatua ya 3: Kwepa maneno ya SQL yenyewe

`order` na `group` zinakupa kosa palepale, afadhali. Ya hatari ni `user` kwenye PostgreSQL, maana `SELECT * FROM user` haileti kosa lolote, inakurudishia mstari mmoja wenye jina la yuza uliyeingia nalo na wewe unadhani data imefutika. MySQL 8.0 nayo iliyachukua `rank` na `groups`, majina yaliyokuwa yanakubalika kwenye 5.7. `oda` na `watumiaji` hazigongani na kitu, ndio maana nakazania Kiswahili.

Hatua ya 4: Tebo za kuunganisha

Hizi ni tebo zinazoonyesha rekodi ipi ya tebo moja inaendana na ipi ya nyingine, mfano oda ipi ina bidhaa zipi. Iite `oda_bidhaa`, ndani yake `oda_id` na `bidhaa_id`. Usianze na `tbl_`, kila mtu anajua hiyo ni tebo. Mwaka pia usiuweke kwenye jina, `mauzo_2024` na `mauzo_2025` ni tebo moja yenye kolamu ya tarehe.

Hatua ya 5: Jaribu kwenye Linux kabla ya kupandisha

Kontena ya Docker (programu inayokuwekea mazingira ya Linux yaliyojitenga) kwenye laptopu yako hiyohiyo inatosha. Ingiza bekapu humo, fungua kila ukurasa wa mfumo, hasa ripoti, maana ndiko kunakojificha kwiri (amri za SQL) za zamani zenye `Wateja`.